Sioni, lakini nimemshika Mrusha Kisahani: makumbusho ya Ugiriki na Roma ya kale kwa wasioona na viziwi (uzi mrefu)

#1 Mwalimu_Makorora

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nilimwahidi mtu humu tangu mwaka jana, leo ndiyo nimepata nafasi.

Kwa wasionijua: nafundisha Historia sekondari, na sioni. Presha ya macho ilinimaliza nikiwa na miaka kumi na minne. Naandika kwa simu inayonisomea kila ninachogusa, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnivumilie.

Dada yangu anaishi Italia. Nimekwenda kwake mara mbili, na safari ya pili tukaunganisha hadi Athens. Ninachotaka kuwaeleza ni makumbusho mawili tu, kwa sababu hayo mengine yote niliyopitia yalikuwa na kibao kimoja ambacho hata mimi nilikisoma bila macho: USIGUSE. Kuna moja (jina naliacha) ambapo mlinzi alinifuata chumba hadi chumba, nasikia viatu vyake nyuma yangu. Dada alikuwa ananisimulia, "hapa kuna mwanamke wa marumaru, hana mikono, mzuri." Mzuri vipi? Akajaribu, akachoka, tukaenda kunywa kahawa.

Basi. La kwanza ni Museo Omero, mji wa Ancona, bandari ya Italia upande wa bahari ya Adriatiki. Lilianzishwa mwaka 1993 na mtu na mkewe, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, wote wawili wasioona, watu wa kupenda kusafiri waliochoshwa na kibao kile kile kilichonichosha mimi. Mwaka 1999 likawa makumbusho ya taifa kwa sheria ya bunge. Omero ni Homer, yule mshairi wa Kigiriki ambaye wazee wa kale walisema hakuwa anaona.

Jengo lenyewe lina kisa. Lilijengwa kuanzia 1733 juu ya kisiwa cha kutengenezwa, kuwa karantini ya watu na mizigo iliyoingia kwa meli. Lina pembe tano. Nililizunguka kwa fimbo nikihesabu kona, nikafika ya tano nikadhani nimekosea, nikarudia.

Ndani unaambiwa: gusa. Vitu vingi ni nakala za jasi za ukubwa ule ule wa sanamu halisi. Naye Mrusha Kisahani nikamshika. Kwa miaka kumi na tano nimewafundisha watoto kwamba Myron wa Ugiriki alichonga mwanamichezo anayejiandaa kurusha kisahani, kama 450 KK, mwisho wa maelezo. Sikuwa najua mwili ule umejipinda kiasi gani. Nilianza kichwani kama nilivyoelekezwa, nikashuka bega la kulia, mkono ukanipeleka NYUMA na juu, mbali, hadi kwenye kisahani, nikalazimika kuzunguka. Mkono wa kushoto nao umeshuka kwenye goti la mguu wa kulia. Nikarudi mgongoni nikakuta uti wa mgongo umepinda kama upinde. Nilijikuta nimesimama hivyo hivyo na mimi, goti moja limekunjwa. Dada anacheka.

Halafu nyuma ya mguu nikagonga kitu. Gogo la mti. Nikauliza, mwanamichezo na gogo wapi na wapi? Mwongozaji akasema sanamu ya Myron ilikuwa ya shaba nyeusi na imepotea. Zilizobaki duniani ni nakala za marumaru walizochonga Warumi, na marumaru haiwezi kubeba uzito wa mwili mzima juu ya kifundo kimoja cha mguu. Shaba inaweza. Warumi wakaongeza gogo.

Fikirieni hapo. Kile ambacho wenzangu wenye macho wanapigia foleni na kukatazwa kugusa, chenyewe ni nakala!

Nitaendelea na Athens, ngoja nile.

#2 Kibarazani

Uzi bila picha haunogi mkuu. Weka picha.

#3 Mwalimu_Makorora

Kibarazani, ningepiga picha ningejuaje nimepiga sanamu au mlinzi? 😄 Picha ndiyo hayo maneno.

#4 Pwani Raha

Kibarazani umeumbuka mapema. Mwalimu endelea, tumekaa.

#5 Mwalimu_Makorora

Naendelea.

Athens, kitongoji cha Kallithea, kuna taasisi ya wasioona iitwayo Mnara wa Taa kwa Vipofu, ipo tangu 1946. Mwaka 1984 wakafungua makumbusho ya kugusa ndani yake. Jengo la kawaida, halina mbwembwe. Wagiriki wanavyo vya asili mlima mzima, lakini kwa mtu kama mimi, nusu saa pale ilizaa kuliko siku nzima ya Akropoli, ule mlima wa mahekalu ya kale, ambako nilichopata ni upepo, jua, na utelezi wa mawe chini ya viatu. (Ule utelezi ninauthamini pia. Ni marumaru iliyosuguliwa na miguu ya watu.)

Pale nilikutana na nakala ya yule mungu wa shaba aliyeopolewa baharini karibu na rasi ya Artemision miaka ya 1926 hadi 1928. Urefu mita 2 na kidogo, na mikono ikiwa imenyooshwa, kutoka ncha hadi ncha ni karibu sawa na urefu wake. Wasomi wanabishana: ni Zeus, mkuu wa miungu, au Poseidon, mungu wa bahari? Jawabu liko kwenye kiganja cha kulia, maana alichokuwa ameshika hakipo. Kama ni radi, ni Zeus. Kama ni mkuki wa meno matatu, ni Poseidon. Nikaweka vidole vyangu ndani ya vidole vyake. Nafasi ni ndogo kuliko nilivyodhani, na vidole havijakaza kama vya mtu aliyeshika mpini. Mimi naona Zeus. Sina shahada ya akiolojia, lakini nimeshika jembe na nimeshika mkuki wa kuvulia.

Ancona wanayo pia modeli ya Parthenon, lile hekalu kubwa la Akropoli. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mkono unavyojua kitu. Jicho linameza jengo zima kwa mara moja kisha linatafuta vipande. Mkono unaanza na vipande, jengo zima linakuja mwishoni, kichwani. Kwa hiyo wanakupa kwanza modeli ndogo inayoenea mikononi, halafu ndiyo unapelekwa kwenye kikubwa. Nguzo za nje nilizihesabu kwa kidole: mbele 8, ubavuni 17. Nikapiga hesabu ya haraka, 8 mara mbili na 17 mara mbili, 50. Mwongozaji akasema 46. Nikabisha! Nikarudi kwenye kona nikacheka mwenyewe: nguzo za kona nne nilikuwa nimezihesabu mara mbili.

#6 Mtunza Ghala

Mwalimu uzi mzuri, lakini niwatetee kidogo wenzangu wa kibao. Nilifanya kazi ghala la makumbusho miaka saba. Jasho la mkono lina chumvi, mafuta na asidi. Mkono mmoja haufanyi kitu. Mikono laki moja inafanya. Mtu akitaka ushahidi aende kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, aangalie mguu wa kulia wa ile sanamu ya shaba ya Petro. Mahujaji wameugusa na kuubusu hadi vidole vya mguu vimelika, havionekani tena kimoja kimoja. Marumaru nayo kimsingi ni kalsiamu kabonati, asidi haipatani nayo kabisa.

Kwa hiyo mlinzi aliyekufuata si mtu mbaya. Mbaya ni aliyemwajiri akampa kibao tu, hakumpa njia mbadala ya kukuonyesha.

#7 Mwalimu_Makorora

Mtunza Ghala nakubaliana nawe asilimia mia, na sijaomba kila mtu aruhusiwe kupapasa kila kitu. Hata hivyo mawe hayafanani. British Museum wana ziara ya kugusa kwenye ukumbi wa sanamu za Misri, na vitu vilivyochaguliwa ni vya asili kabisa. Vingi ni vya mawe magumu kama itale, yanayovumilia kuliko marumaru. Sehemu nyingine unavua pete na saa, unapewa glavu nyembamba. Glavu sizipendi. Zinaniachia umbo lakini zinaninyima ubaridi, na ubaridi ndio unaoniambia hili ni jiwe.

Na wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1913 pale Sunderland, Uingereza, msimamizi wa makumbusho aitwaye Charlton Deas aliwafungulia watoto wa shule ya wasioona wakaja kushika vitu, kisha akawapa udongo wafinyange walichoshika. Louvre, makumbusho makubwa ya Paris, walifungua ukumbi wa kugusa mwaka 1995. Miaka zaidi ya mia tangu Sunderland, bado nafuatwa na viatu nyuma.

#8 Zuhura254

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni kiziwi, na nimesoma uzi wote nikisema "afadhali hawa wa macho wana makumbusho yao" 😅. Sisi watu hudhani tumemaliza kuhudumiwa kwa sababu tunaona.

Nilienda makumbusho moja kubwa ya Ulaya, sitaji. Nikaandika kwenye karatasi: mimi ni kiziwi. Dada wa mapokezi akatabasamu vizuri sana, akanipa spika za masikioni. Nikamwonyesha sikio, nikatikisa kichwa. Akachukua kifaa, akaniongezea sauti.

Shida ya kiziwi ni hii. Mwongozaji anaongea akitazama sanamu, yaani ametupa kisogo, hata midomo huioni. Ukiwa na mkalimani, lazima uchague: umtazame mkalimani au utazame sanamu? Anayesikia anafanya yote kwa pamoja. Mimi nikimaliza kutazama mikono ya mkalimani, kundi limeshahamia chumba kingine. Mwongozaji mzuri anaeleza, ananyamaza, anatuacha tutazame, ndiyo anaendelea. Haihitaji hata senti moja. Na taa! Kuna wanaopenda vyumba vya giza eti sanamu ipendeze. Gizani mimi siongei wala sisikii.

Na wasituambie "maelezo yameandikwa ukutani". Kwa kiziwi aliyekulia lugha ya ishara, maandishi ni lugha ya pili. Video ya mtu anayeeleza kwa ishara ni kitu kingine kabisa. Italia wameitambua lugha yao ya ishara kisheria mwaka 2021, sisi Kenya iko kwenye Katiba ya 2010, hata Bungeni ni lugha rasmi. Makumbusho yafuate.

Halafu mwalimu, kwa kuwa unafundisha historia: mwandishi Plinio wa Roma ya kale anamtaja Quintus Pedius, mjukuu wa konsuli (kiongozi mkuu wa serikali), aliyezaliwa bubu. Familia ikashauriwa afundishwe kuchora, na Kaisari Augusto mwenyewe akakubali. Anasema kijana aliendelea vizuri sana, akafa bado mdogo. Ni katika viziwi wa kwanza kabisa ambao historia imewahifadhia jina. Niambie kama liko kwenye kitabu chako cha kiada.

#9 Mwalimu_Makorora

Dada Zuhura, halimo. Kuanzia Jumatatu litakuwemo kwenye daftari za kidato cha kwanza.

Hilo la kuchagua limenikumbusha wenzetu viziwi wasioona. Wao mkalimani anawaandikia ishara kwenye kiganja. Sasa kiganja kikiwa juu ya sanamu, masikio yao yamefungwa. Kikirudi kwa mkalimani, macho yao yamefungwa. Ancona nilisikia kundi kama hilo likipita, yaani nilisikia kimya chake, na viatu vinavyosogea polepole sana. Nilikuwa nimemaliza vyumba viwili, wao bado wako kwenye sanamu moja.

#10 Kibarazani

Samahani kwa lile la picha mwalimu. Swali la kweli sasa: rangi je? Sanamu nyeupe, huoni weupe wake. Hupungukiwi hapo?

#11 Mwalimu_Makorora

Umeuliza pazuri, kwa sababu hapo waliodanganyika ni ninyi wenye macho. Sanamu zile hazikuwa nyeupe! Zilipakwa rangi: nguo, nywele, midomo, macho. Mvua, udongo na miaka elfu mbili viliivua rangi, na nyingine zikasuguliwa kwa makusudi ziwe safi. Watu wakaja kuona weupe, wakauita ndio uzuri wa Kigiriki. Mwanaakiolojia Mjerumani, Vinzenz Brinkmann, na wenzake walifuatilia mabaki ya rangi, na maonyesho yao ya nakala zilizopakwa upya yalianza Munich mwaka 2003, yakazunguka dunia. Wapo waliokasirika, wakaona sanamu zimefanywa kama za harusini.

Umbo nililolipata mimi kwa kidole ni lile lile alilolipata mchongaji. Weupe mliouona ninyi hakuuweka yeye.

#12 Msomi wa Usiku

Niongeze dogo. Kwenye hekalu la Asklepio, mungu wa tiba, pale Korintho, wachimbaji walikuta viungo vya mwili vya udongo walivyoacha wagonjwa: mikono, miguu, macho, masikio. Epidauro, kwenye hekalu lake jingine, kuna maandishi ya mawe yanayosimulia walioponywa, akiwemo Ambrosia wa Athens aliyekuwa haoni jicho moja. Alicheka wenzake waliodai kupona, mungu akamtokea ndotoni akamtoza nguruwe wa fedha kwa ujinga wake. Na mwaka 2020 msomi Debby Sneed aliandika kwamba mahekalu ya tiba yana njia za mteremko nyingi kuliko mahekalu mengine, na akasema ziliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kupanda ngazi. Karne ya 4 KK. Akropoli ya sasa lifti ya kueleweka wameiweka Desemba 2020.

#13 Pwani Raha

Ametozwa nguruwe wa fedha 😂😂

#14 Fundi Jipsamu

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa dari na nguzo za jipsamu, Dar. Mambo ya Wagiriki siyajui, ila umesema nakala za jasi, nikasema hapa nimefika nyumbani. Wanamwagaje? Sisi tunatengeneza kalibu, tunapaka mafuta isishike, tunamwaga, tunatandika katani ndani ili isipasuke.

#15 Mwalimu_Makorora

Marahaba fundi, ndiyo mtu niliyekuwa nakungoja! Naomba unisaidie. Kwenye nakala ile ya Ancona nilikuta mistari myembamba, kama uzi uliolala chini ya ngozi. Mmoja umepita ubavuni, mwingine begani. Dada aliangalia akasema haoni kitu. Sikuuliza, tulikuwa tunakimbilia treni. Ni nini?

#16 Fundi Jipsamu

Hiyo ni maungio ya kalibu mwalimu. Kitu chenye mikunjo huwezi kukitoa kwenye kalibu ya kipande kimoja, kitavunjika. Kwapani, kwenye sikio, kwenye pindo la nguo, kalibu inang'ang'ania. Kwa hiyo unaigawa vipande, unavifunga pamoja, unamwaga. Kila penye maungio jasi inajipenyeza kidogo, inaacha ukingo. Fundi mvivu anauacha, fundi mzuri anauparua kwa msasa. Lakini hata ukiparua, kidole kinaujua. Mimi mwenyewe kazi nikimaliza naipima kwa kiganja, taa ya umeme inadanganya.

#17 Mtunza Ghala

Fundi amesema kweli, na kalibu za namna hiyo ndizo zilizookoa mengi. Mafundi wa Lord Elgin, yule balozi Mwingereza, walichukua nakala za jasi za michongo ya Parthenon mwanzoni mwa miaka ya 1800. Ule mkanda wa michongo upande wa magharibi kwa sehemu kubwa ulibaki juu ya jengo, ukaliwa na hewa chafu ya Athens. Leo kuna sura na mikunjo ya nguo ambayo kwenye jiwe imefutika na kwenye jasi ipo. Nakala inajua kuliko mwenyewe.

Mwalimu, ukirudi ukaushike mchongo wowote wa mkanda ule, pima unene wake juu na chini. Walichonga sehemu ya juu itokeze zaidi, kwa sababu ulikaa juu sana na watu waliutazama kutoka chini.

#18 Zuhura254

Na hizi za kuchapa kwa mashine, za 3D? Ndizo kila mtu anazisifu.

#19 Mwalimu_Makorora

Zina faida yake. Unaweza kupima sanamu kwa mwanga bila kuigusa, ukachapa ndogo ya kuenea mkononi, shule ikamiliki. Niliwahi kupewa moja, kichwa cha mwanamke wa Kirumi. Kila sehemu vuguvugu, kila sehemu nyepesi, na shavuni ina vimistari vya tabaka kama ukucha uliokwaruzwa. Nikauliza, huyu bibi alikuwa na makunyanzi? Wakasema hapana, ni mashine. Sasa mimi nitajuaje kipi ni cha bibi na kipi ni cha mashine? Nipe jasi ya fundi.

#20 Fundi Jipsamu

Asante mwalimu 🙏. Sasa na mimi nina swali. Nguzo ulizohesabu, zina mifereji ya kushuka wima? Maana mimi natengeneza hizo kila wiki, wenye nyumba wanazipenda kwenye baraza. Kumbe za Wagiriki?

#21 Mwalimu_Makorora

Za Wagiriki kabisa. Za nje za Parthenon ni za mtindo wa Dori: mifereji 20, na mfereji mmoja unapokutana na mwenzake pana ukingo mkali, kama kisu butu. Mtindo wa Ionia una mifereji 24 kwa kawaida, na katikati ya mfereji na mfereji kuna utepe bapa. Zako ni zipi?

#22 Fundi Jipsamu

Sijawahi kuhesabu mwalimu, kalibu niliirithi kwa bosi wangu. Kesho niko saiti Goba, nguzo nne zimeshasimama. Nitahesabu kwa namna yako, nimefumba macho.

#23 Fundi Jipsamu

Nimerudi. Mara ya kwanza nimepata 27, mara ya pili 22. Mama mwenye nyumba katoka akaniuliza kama nimepata kizunguzungu.

#24 Mwalimu_Makorora

😄 Nguzo ni duara, haina mwanzo. Mkono wa kushoto usiuondoe kwenye mfereji wa kwanza, wa kulia ndio uzunguke. Kama nguzo ni nene mkono haufiki, chomeka njiti ya kiberiti pale unapoanzia.

#25 Fundi Jipsamu

Njiti ya kiberiti imesaidia. Ishirini na nne, na kati yake ni bapa, upana wa ukucha wa kidole gumba.